Volti Moja na Nusu

Gyumri, Januari. Zhiguli ya mwaka themanini na tatu
inaamka kama mtu aliyelala usingizi wa kukopa:
ngwu… ngwu… ngwu… halafu kimya.

"Betri hiyo," akasema Vrezh wa ghorofa ya pili,
akatema ganda la alizeti.
Nikanunua betri. Nikanunua na nyingine,
maana mjinga halipi mara moja.
Taa zinamulika hadi mwisho wa ua,
stata bado inaburuta miguu.

Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake.
Mimi husambaza mikate na gari hili tangu saa kumi alfajiri;
huu si mhemo wa njaa.
Huyu kakabwa shingo.

Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri,
ya pili kwenye bloku ya injini.
"Piga, Shogher!" Binti yangu akazungusha ufunguo.
Volti moja na nusu,
pale panapotakiwa karibu na sifuri.
Umeme unatoka vizuri. Njia ya kurudi ndiyo imeziba.

Nikajilaza juu ya katoni, theluji ndani ya kola.
Waya wa ardhi, ule mpana wa kusukwa,
umeota ukungu wa kijani,
nati yake inazunguka kwa kidole.
Spana kumi na tatu. Msasa. Grisi kidogo.
Robo saa, pamoja na matusi.

"Piga."
Ikawaka kabla Shogher hajauliza, "Sasa?"
Vrezh alifungua dirisha, akalifunga.

Brashi za stata nazo zimekwisha, najua. Jumapili.
Betri ya ziada iko jikoni,
tumeitandikia kitambaa, imebeba redio.