Mizani ya Ekwaru

Mwaka ule Mgiriki alipofilisika
vitu vyake vilipigwa mnada kando ya stesheni:
kitanda cha chuma, gramafoni isiyo na sindano,
na mizani ya kusimamia,
mkono wake wa shaba umepinda kidogo
kama kidole cha mshona viatu.
Ekwaru akainunua kwa shilingi thelathini na mbili
na fahali aliyemkopa kwa shemejiye bila kumwambia.

Soroti nzima ikacheka.
Chini ya ule mwamba barabara ilikuwa moja,
mapaa kumi na saba ya mabati,
na kila baraza na mwenyewe wa Kachi au Gujarati,
na kila cherehani na fundi asiyeimiliki.
Sisi mjini tulikuja kuuza,
tukanunua chumvi na kaniki,
tukarudi kabla jua halijatukuta.

Akaenda bomani kuomba leseni ya kununua pamba.
Una ghala la matofali?
La.
Una dhamana ya benki?
Akaonyesha viganja.
Karani akaandika jambo refu,
akalisoma kwa ufupi: Hapana.

Basi akaiweka mizani kwenye kibanda cha nyasi,
pale njia ya kwenda kinu cha pamba inapogawanyika,
akachora ubaoni kwa chokaa:
PIMA UZITO WAKO. SENTI MOJA.
Mimi mpwa wake nilikuwa na miaka kumi.
Nilijua tarakimu, nikawa karani.

Wiki ya kwanza walikuja vijana wa kujionyesha
na askari mmoja mwenye tumbo.
Ukweli ulimuudhi, akakataa kulipa.
Wiki ya pili akaja Asekenye,
furushi la pamba kichwani,
shingo imekakamaa tangu Serere.
Akapanda na mzigo wake.
Nikasoma: ratili mia moja themanini na nne.
Akautua. Akapanda tena.
Mia moja ishirini na tisa.
Akanyamaza kitambo.
Shule hakwenda, lakini shamba alilima.
"Niandikie hapa," akasema,
nami nikaandika kwa kaa la moto lililopoa,
kiganjani mwake: 55.

Kwa Valabhdas mizani ikasema arobaini na sita.
Asekenye akafungua kiganja.

Sijui walisemezana nini.
Najua Februari foleni ilizunguka kibanda mara mbili,
na kila mtu alitaka kujua unene wake
akiwa na furushi, kisha akiwa hana.
Senti zenye tundu tulizitunga uzini,
usiku zilinikwaruza shingo.

Ofisa wa pamba akaja kwa pikipiki.
"Wapima pamba bila leseni?"
"La, bwana. Napima watu.
Wengine huja wazito, huondoka wepesi.
Mji ndivyo ulivyo."
Akafungua kitabu cha sheria,
akatafuta kwenye orodha ya mazao,
kati ya karanga na ufuta.
Mtu hakuwamo.

Siku moja, maduka yamefungwa,
akaja Valabhdas mwenyewe, kandambili mkononi
asisikike.
Akatoa senti yake, akapanda.
Mia moja na nne.
"Nimepungua," akasema.
"Kampala nao wananipima."
Ekwaru hakumjibu.
Akamsogezea kigoda, wakakaa,
wawili wasiopendana,
wakiangalia ule mkono wa shaba
ukitikisika, ukitikisika, ukitulia.

Shemeji akaja mavuno yalipokwisha
akiuliza habari za fahali.
Mjomba, aliyewapimia haki watu wa kaunti tatu,
akakuna kidevu, akatazama dari ya nyasi,
akaniambia, "Andika."
Nikaandika.
Daftari ninalo mpaka leo, mchwa wamekula pembe zake,
na mstari ule haujakatwa:
fahali mmoja, mweusi,
uzito haukupimwa.