Kesi ya Chumvi

Miaka kumi na mmoja, Msallam,
nilikuwa askari wa chungu chako.
Papa mkavu nilimwosha mara saba
hadi akasahau kuwa alitoka baharini,
nikakupakulia, ukala kimya
kama mtu anayetumikia kifungo.

Na mashine ya presha ilipokubana mkono
ikasema mia na sabini kwa mia,
nilikutazama wewe, si mashine.
Umekula wapi? Nilinusa vidole vyako.
Mfukoni mwa koti nikapata karatasi ya viazi karai,
ya Ramadhani ya mwaka juzi,
nikaiweka mezani: ushahidi.

Tembe tatu. Kisha nne.
Usiku misuli ya miguu ikikukaza
nilikukanda kwa mafuta ya simsim
huku nikikusomea mashtaka.

Kisha yule binti wa utafiti, Daktari Nuswaiba,
akakupa namba, sufuri moja nne saba,
na dumu la kukusanyia mkojo wa kutwa kucha,
pacha wa dumu tunalochotea maji ya kisima pale Kibokoni.
Watoto walicheka. Hata wewe.

Siku ya pili wakakutundikia maji ya chumvi.
Lita mbili! Mshipani! Saa nne nimekaa naona!
Nikasimama: mnaniulia mume.
"Keti, mama. Chumvi ikizidi, tezi hunyamaza.
Twataka kujua kama yake hunyamaza."

Haikunyamaza.

Juu ya figo, kivimbe kadiri ya mbaazi.
Kinachomwagika humo huitwa aldosteroni.
Nililirudia jina njia nzima hadi Makadara mwisho
kama mtu aliyeambiwa jina la mke mwenza.
Kumbe ana jiko lake humo ndani,
kila chembe niliyokunyima yeye aliiweka akiba,
na potasiamu akiitupa nje kama maganda.

Nikauliza: wako wangapi mjini humu
wanaogombezwa kwa chumvi wasiyoila?
Daktari akafunga daftari.
"Bado tunahesabu."

Leo ni mia na thelathini na nne.
Tembe moja ngeni imefanya
kisichofanywa na kelele zangu.
Kuomba radhi sijui, wajua kwetu tulivyolelewa.
Daktari asema chumvi bado iwe ya kiasi.
Haya, njoo ule.
Papa nimemwosha mara sita.
Ile ya saba, Msallam,
ndiyo hiyo.