Kete Hairudi Nyuma

Uliposema "drafti" kwenye simu
nilicheka, Asheri, nisamehe.
Nilidhani unaulizia ubao wetu wa kijiweni,
vizibo vya soda ishirini na vinne,
nusu vimelala chali, nusu kifudifudi,
na Madeje anayekohoa kila akitaka kuiba kete.

Kumbe ng'ambo kuna drafti nyingine,
na vizibo vyake ni watu.

Sechelela akanieleza polepole, kama anayemsomea mgonjwa dozi:
jina lako limo tayari,
unaweza kulitoa hadi leo, saa sita usiku kwa saa yetu.
Ukilitoa, unarudi Serbia, benchi lile lile,
unangoja mwakani.
Ukiliacha, halitoki tena.
Wanakuchagua au wanakuruka.
"Na wakimruka?"
"Basi anakuwa huru," akasema,
kwa sauti ya kutoa pole.

Mimi ni mtu wa mizani hapa Kibaigwa.
Mwaka wa kumi na tisa napima mahindi ya watu.
Nimeona lumbesa iliyoshonwa kwa majigambo
ikapasuka kabla ya kupanda lori,
na gunia jembamba, la kudharauliwa,
likausukuma mshale hadi dalali akavua kofia.

Sasa na wewe wamekupima:
futi sita na inchi kumi, mikono mirefu kupita kimo,
umeruka kiasi hiki, umekimbia kwa sekunde hizi.
Hawakuandika kwamba ulilala miguu juu ya debe
kwa kuwa kitanda cha fundi Lugala kiliishia magotini,
wala ile ringi ya pipa pale shuleni,
upepo wa Agosti ukiuhamisha mpira angani
hata ukajifunza kulenga mahali
ambapo goli halipo.

Wakala anasema utakuwa wa thelathini na nane,
labda wa arobaini na tano.
Labda.
Mahindi nayo yana labda yake.
Ukiyaweka hadi Januari bei inapanda,
au wanaingia dumuzi, wale tunaowaita skania,
unafungua ghala unakuta unga na magunia.
Nimewahi kuuza mapema, nikajuta.
Nimewahi kungoja, nikajuta.
Majuto hayana msimu, mwanangu,
hilo ndilo pekee nililolipima vizuri.

Umeomba neno la baba.
Ninalo la kijiweni tu:
kete haina nyuma.
Inakwenda mbele, inaliwa,
au inafika mwisho kule ikawa kingi,
na kingi peke yake ndiye hurudi atakapo.
Mama yako amenisikia,
amesema nisikutishe mtoto wake kwa vizibo.

Saa tano na robo.
Simu nimeilaza juu ya mizani,
ndipo mtandao unaposhika.
Ni nyepesi mno, mshale haujaitambua.
Piga,
hata kama hujaamua.