Nusu ya Pengo

Vihisi kumi na viwili nimevifunga kwenye mikoko
kuanzia Sahare hadi ng'ambo ya Chongoleani,
kila kimoja na antena urefu wa kalamu,
betri, na punje ya fuwele inayodunda
mara elfu thelathini na mbili na ushei kwa sekunde.
Vyenyewe vinapima maji yanavyopanda.
Mimi napima neno moja tu: vikisema "sasa",
je, ni sasa ile ile?

Si ile ile. Cha saba kinashinda juani,
fuwele yake ikipata joto huzubaa.
Cha nne, kivulini, chaza wamekiotea mgongoni,
kinakimbia kama mtoto aliyeahidiwa chenji.
Kwa siku vinapishana sekunde moja, mbili.
Utasema sekunde mbili ni nini, mtu kapiga chafya.
Lakini kwenye daftari langu wimbi moja
lilifika ndani kabla halijapita mlangoni.

Semkiwa alitaka tuteue mkubwa:
"Kimoja kipige, vingine vifuate, kama kwata."
Na kikifa hicho? Kaa akikikata waya wa betri?
Tukavifundisha kusikilizana.
Kila kimoja hutuma mlio, hungoja jirani aurudishe,
hugawa kwa mbili safari ya kwenda na kurudi,
kisha husogea.
Si pengo lote. Nusu.
Ukisogea lote, na mwenzio naye lote,
mtapishana kama watu wawili mlangoni,
samahani, samahani, mpaka usiku.

Alfajiri Ngamiani jambo hilo liko hewani:
muadhini wa barabara ya nane hutangulia,
wa kumi na tano humdaka katikati ya pumzi,
wa Makorora hujikohoza kwanza kwenye kipaza sauti.
Hakuna anayemgombeza mwenzie.
Mama huamka kwa huyo wa tatu.

Mama. Tangu kiharusi cha mwezi wa Rajabu
jibu lake huja limechelewa.
"Umeamkaje?" nauliza,
nahesabu (ugonjwa wa kazi) moja, mbili, tatu, nne,
"Salama," lakini nimeshauliza la uji,
na salama yake inaangukia kwenye sukari.
Miezi miwili tumeongea hivyo.
Nikadhani ni yeye wa kunifikia:
mazoezi, mpira wa kuminya, foleni ya Bombo.

Juzi alinitazama nikisoma rekodi kwenye simu.
"Saa ngapi hapo?"
"Saba kamili."
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
"Muongo. Saa moja."
Tukacheka, yeye kwa upande mmoja wa mdomo.
Saa sita kati ya kioo changu na ulimi wake,
tangu nilipoanza sekondari,
na hatujawahi kupotezana kwa hizo sita.
Pengo lililotulia halimkoseshi mtu basi.
Linalopoteza watu ni lile linaloongezeka kidogo kidogo,
na hakuna aliyetuma mlio.

Nikavuta kiti.
Nikauliza la uji, nikafunga mdomo,
nikasikia jiko la jirani likiwashwa,
nikasikia mwiko.
"Kijiko... kimoja," akasema, na ikaangukia mahali pake.

Leo asubuhi amejibu kwa tatu.
Huenda ni ule mpira wa kuminya.
Huenda ni mimi, siku hizi,
nahesabu polepole.