Sampuli ya Kumi na Saba

Moto huzaa majivu, ndivyo tulivyofunzwa.
Huu wangu, hapa Chumbageni, nyuma ya duka la mabati,
nautaka uzae nyonga.

Nimechanganya unga wa titani, wa kijivu kama jivu la kifuu,
na unga mweupe wa mfupa. Si mfupa wa mtu:
ni matumbawe makavu ya Tongoni, yale yale
aliyochoma baba kuwa chokaa kwa magogo ya mnazi,
ila mimi nimeyapika kwenye jungu la presha na chumvi ya fosfeti
mpaka yakasahau bahari.

Nikashindilia. Nikafunga. Nikaingiza gesi ya agoni,
maana titani ina uchu: ikipata moto hunywa hewa,
na ikishakunywa hukakamaa,
huvunjika kama kashata.

Nyuzi mia saba: punje zinaamkiana tu.
Nyuzi elfu moja: zinashikana shingo.
Ukipita elfu na mia mbili unga mweupe unavunja ndoa yake ya ndani,
chuma kinanenepa, vitundu vinazibika,
na vitundu navitaka!
Mfupa hai huingia humo kama mizizi ya mkoko topeni.
Pungufu, kifusi. Zaidi, kisiki.

Bi Mwanjaa hajui nyuzi.
Alikata katani Ngomeni miaka ishirini na sita,
akaanguka Ramadhani iliyopita, ndoo mkononi.
“Hicho chuma, mwanangu, usiku hakitaona baridi?”
Nilicheka. Kisha nikaacha.
Alikuwa ameuliza swali langu lote:
chuma hutanuka kwake, kauri kwake,
na ni katika kupoa ndipo wanapogombana.
Ufa hauzaliwi motoni.
Huzaliwa njiani, wakati wa kurudi.

Saa nne usiku umeme ukakatika.
Tanuri lilikuwa nyuzi mia nane na arobaini.
Nikakaa gizani na mwanga wa simu,
sina la kupandisha, sina la kushusha,
nikipapasa vali ya gesi kama mtu atafutaye kitasa,
nikisikiliza matofali yakialika
kimoja kimoja, kama vidole vya mtu aliyechoka.

Asubuhi nikatoa kisahani, sawa na kizibo cha soda.
Nyonga bado iko mbali.

Mama hununua chungu kwa kukigonga, ukucha mmoja, sikio karibu.
Nikagonga.
Kumi na sita za kwanza zilisema dap, mlango wenye mchwa.
Hii ililia. Si sana. Ililia, ikasita, ikamaliza.

Chini ya darubini, ufa.
Mwembamba, umetoka ukingoni kwa haraka zake,
ukapita kwenye weupe bila kuuliza,
ukakutana na punje moja ya titani,
ukasimama.

Nimeandika daftarini: ufa mmoja. Umesimama.
Sijui ni umeme au ni mimi.
Leo nakwenda kuazima jenereta,
niirudie.