Kishimo cha Dole Gumba

Daktari alisema kilo kumi na nne.
Alisema akiitazama karatasi, hakumtazama Alojz,
na Alojz akavaa shati polepole
kama mtu aliyeambiwa arudishe kitu alichoazima.

Huku kwetu Silesia Jumapili ni moja:
matonge ya viazi, meupe, ya mviringo,
kila tonge na kishimo chake katikati
kilichobonyezwa kwa dole gumba
ili mchuzi upate pa kukaa.
Mama mkwe aliniambia mwaka ule nilioolewa:
tonge lisilo na kishimo ni jiwe lililochemshwa.

Sasa nimesimama mbele ya koliflawa.
Naitazama, nayo inanitazama.
Mke wa mchimba makaa, nikajipalia makaa mwenyewe:
nikaichemsha, nikaikamua kwa kitambaa
hadi viganja vikaniuma kuliko siku ya kufua.
Nusu koliflawa, nusu kiazi, unga kiduchu.
Mafuta ya nguruwe nikayapa likizo.
Mchuzi ni uyoga na maji yake.
Nyama ya kuviringisha haina tena bakoni tumboni,
ina achari ya tango na haradali, basi.
Kabichi nyekundu peke yake ilibaki na heshima zake.

Nikalibonyeza tonge la kwanza.
Kishimo kikafunguka kama mdomo wa mwenye usingizi,
kisha kikajifunga.

Alojz akala. Miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi
humfunza mtu kula chochote kilichomo koponi.
Halafu akauliza, kwa adabu iliyonichoma,
"Truda, hili ni tonge, au ni habari za tonge?"
Sipendi kucheka mezani.
Nilicheka.

Asubuhi hutembea hadi mnara wa mgodi uliofungwa,
anagusa uzio, anarudi.
Mwezi wa sita alipumzika kwenye mabenchi matatu.
Mwezi wa kumi, benchi moja, na hilo
kwa sababu Achim alikuwa amekaa pale na mbwa wake.
Bandu bandu, namwambia.
Ananijibu: gogo linakusikia.

Najua anachokitafuta.
Si moyo, si sukari, si umri mrefu.
Tarehe nne Desemba, siku ya Barbara Mtakatifu,
wachimbaji huvaa sare nyeusi, vifungo vya shaba,
kofia zenye manyoya, wakaifuata bendi hadi kanisani.
Mwaka jana alikwenda koti likiwa wazi,
akasema kuna joto.
Theluji ilikuwa inaanguka.

Novemba, usiku, chini ya taa ya jikoni,
nikavisogeza vifungo
upana wa punje mbili za ngano.
Naye alikuwa na lake: kila Jumatano
koti lake lilirudi na harufu ya kitunguu
kilichokaangwa nyumbani kwa Achim.
Sikuuliza. Mpunguza uzito na msogeza vifungo
hulala kitanda kimoja, wala hawaamshani.

Siku ikafika. Cha kwanza kikaingia, cha pili,
cha tano kikasita,
akavuta pumzi, kikaingia.
Akapitisha kidole penye uzi.
"Huu mpya," akasema.
"Nyuzi huchakaa," nikasema.
Akavaa kofia. Nikamfuta mabega
yasiyokuwa na vumbi.

Jumapili iliyofuata alikuja jikoni, akanawa mikono.
Dole gumba lake lina kovu la buluu,
makaa yaliyoingia chini ya ngozi akiwa kijana
yakakataa kutoka.
Akalibonyeza tonge, akaacha kidole mle ndani,
midomo ikihesabu kimyakimya.
"Wewe hulisubiri," akasema.
"Hili lina haya. Si kiazi hiki."

Akatoa kidole. Kishimo kikabaki,
kidogo, kimekaa upande.
Nikatia mchuzi. Mwingine ukakaa,
mwingine ukashuka ubavuni hadi kwenye kabichi.
"Kesho kutwa ongeza kiazi kimoja," akasema.

Nikaongeza viwili.