Kilo Tatu na Nusu

Mwaka ule malori yalipochukuliwa
mimi nilikuwa karani wa pareto pale Isyonje,
kalamu sikioni, koti la mtumba,
napima, naandika, naita anayefuata.
Mnisamehe shairi likichechemea:
mizani niliyoijua mimi ni ile ya ndoano.

Lori lilikuwa la Mzee Mwalyego, Bedford ya bluu,
ubavuni limeandikwa NIACHENI.
Lilisimamishwa Uyole siku ya Alhamisi, limejaa viazi.
Afisa alikuwa na adabu zake. Akaandika stakabadhi,
akagonga muhuri, akasema litarudi.
Magunia sitini na manne yakashushwa kando ya barabara
na mvua haikuuliza ni ya nani.
Asangalwisye, dereva, hakushushwa.
Klachi ya lori lile ilikuwa kaidi,
ikimsikia yeye tu, basi akaenda nalo
kaskazini, upande wa ziwa tulilolijua
kwa ramani ya darasa la nne.

Kwanza tulikosa lori.
Kisha dizeli, hata kwa wenye malori.
Kisha sabuni. Kisha viberiti,
moto ukawa unaombwa nyumba kwa nyumba
na kubebwa kigaeni, mbio, ukungu usiuzime.
Pareto ikarundikana ghalani.
Panya walilala humo, hawana kiroboto hata mmoja,
na sisi tulioilima hiyo dawa ya wadudu
tulijikuna mpaka alfajiri.

Redio ikasema tumeshinda. Na kweli tulishinda.
Nilishangilia, sikatai,
nilirusha kofia ikanasa juu ya bati.
Ndipo tukaambiwa tufunge mikanda.
Wangu niliutoboa tundu la tatu kwa msumari wa moto.

Mwezi wa nane, siku ya kupima,
Tumwitike alishuka mlimani na kigunia kichwani.
Alipanga foleni kama wenzake.
Zamu yake ilipofika akakitundika ndoanoni, kimya.
Mshale ukatetema, ukatulia.
Kilo tatu na nusu.
Nikafungua niangalie unyevu, kanuni inavyotaka.

Sweta la kijani, alilifuma mwenyewe,
kiwiko kimoja kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Viatu, pea moja.
Ufunguo wa lori.

"Nimepewa kule ofisini mjini," alisema.
"Nilitaka kujua amebaki kiasi gani."

Nyuma yake mtoto alikohoa, akazibwa mdomo.
Daftari langu lilikuwa na safu tano.
Niliandika jina. Niliandika tarehe.
Kwenye daraja kalamu ilisita,
nikaandika: la kwanza.
Uzito, tatu nukta tano.
Nikamhesabia pesa za daraja la kwanza,
akazipokea kwa mikono miwili kama ada,
akazifunga kwenye pindo la kitenge,
akajitwisha mzigo wake, akapanda mlima.

Mzee Mwalyego alikwenda kuuomba ule ufunguo.
Wanasema alikaa nao kiganjani jioni nzima,
uji ukapoa mbele yake,
kisha akaurudisha.

Desemba akaja mkaguzi,
kijana nadhifu, soksi zake ziking'aa kwa weupe,
nikajiuliza kwao sabuni wanaitoa wapi.
Alipima ghala lote, akajumlisha, akarudia,
akatoa unyevu, akatoa vumbi.
"Karani, kuna upungufu. Kilo tatu na nusu."
Nikasema, ndiyo.
"Zimekwenda wapi?"
Ukungu ulikuwa umefika mlangoni,
umesimama kama mtu anayengoja kupimiwa.
Nikasema, panya.

Akazikata kwenye mshahara wangu,
akaandika risiti, akagonga muhuri.
Ninayo.